Gita Lililonyooshwa

Kidole changu cha pete, cha mkono wa kushoto, kilianza kugoma wakati wa mvua. Asubuhi nilikikuta kimejikunja ndani ya kiganja kama mtu aliyejifunika shuka asitake kwenda kazini, nami nikawa nakinyoosha kwa mkono wa pili huku kikilia kwenye kifundo. Daktari alikibonyeza hapa na pale, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kuchapa vitabu mpaka mashine mpya zilipokuja, na kwamba sasa napiga gita.

"Basi piga sasa, mzee," akasema. "Kitaendelea kukakamaa. Dawa itapunguza maumivu tu."

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nimetunga vipande vingi maishani, vingine nimevisahau na vingine vilistahili kusahauliwa, lakini kuna kimoja ambacho nimekipiga tangu ujana, nikikiongeza, nikikipunguza, nikikipiga msasa, na hicho ndicho ningependa kibaki. Hakina maneno. Kidole gumba kinatembea chini kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinazungumza juu. Nilijifunza kuandika muziki katika masomo ya jioni, baada ya kazi, pamoja na hesabu na historia, kwa hiyo nilikiandika chote kwenye mistari mitano bila kosa. Nikampa mpigaji mwingine anayejua kusoma. Kikatoka kama tangazo la kukatika kwa maji. Hapo nikajua kwamba kama sikirekodi nikikipiga mwenyewe, kimekwenda.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana chumba cha kurekodi nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Kuta zake amezipigilia magodoro ya zamani na ameyafunika kwa pazia ili yasimwaibishe. Nilipomweleza haja yangu alifurahi.

"Mjomba, nimekuomba jambo hili tangu sijaota ndevu. Njoo hata kesho."

Shida ni kwamba sikuwa na gita.

Niseme vizuri: nilikuwa nalo, lakini mvua ile ile iliyokiingia kidole changu ililiingia nalo. Gundi ililegea. Uso wake ulibonyea chini ya tundu, na kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi tumboni kikaanza kubanduka kama kucha iliyogongwa. Gita hilo lilitengenezwa na seremala wa vitanda. Aliona gita la mtu, akalitazama vizuri, akaenda kuchonga la kwake kwa mbao zilizobaki baada ya kutengeneza kabati. Shingo nene kama mpini wa shoka, tumbo zito, sauti yenye kikohozi. Mke wangu aliliita mke mwenza. Sikuwahi kupiga jingine kwa dhati.

Nikalipeleka kwa Kipimo. Jina hilo tulimpa sisi wapigaji, kwa sababu mtu huyo hawezi kukupa mkono bila kukupima vidole. Karakana yake ni chumba kirefu chenye dirisha moja, magita yananing'inia ukutani kwa shingo kama mashati yaliyotoka kufuliwa, na huwezi kukaa popote bila kuinuka na maranda makalioni. Alilishika gita langu, akaligonga uso kwa kifundo cha kidole, akalinusa kwenye tundu, akaingiza kioo kidogo ndani.

"Nani kafanya hii?"

"Seremala wa vitanda."

"Inaonekana. Humu ndani kuna mguu wa kitanda."

Akanionyesha. Kweli, ubavu mmoja wa ndani ulikuwa na duara la mapambo, kama miguu ya vitanda vya zamani.

"Nikitaka kulifufua," akasema, "nibadilishe uso, nibadilishe mbavu, ninyooshe shingo. La zamani litakalobaki ni tundu. Mzee, achana na hii maiti. Chukua gita la kweli ukarekodi, ulirudishe ukimaliza."

Akashusha moja kubwa ukutani, uso wa mbao nyeupe, mgongo wa mbao nyekundu iliyong'aa mpaka nikaona pua yangu. Nikaligusa uzi mmoja tu. Mlio ulitoka, ukakaa chumbani, ukatutazama, haukuonyesha dalili ya kuondoka. Kipimo akakunja mikono kifuani kama baba wa bibi harusi.

Nikaenda nalo nyumbani nikiwa na matumaini. Nikakaa kwenye kiti changu karibu na mlango wa jikoni, nikaanza utunzi wangu. Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Kila noti ilikuwa nene na ndefu, na ilipofika zamu ya noti ya pili, ya kwanza ilikuwa bado iko mlangoni inaaga. Nikapunguza mwendo ili zisigongane. Nikapunguza tena. Gumba langu, ambalo kwenye gita la zamani hufanya kazi kama punda, lilianza kulala, kwa sababu pigo moja lilitosha kujaza nyumba. Nilipofika katikati niligundua nimeacha noti nyingi bila kukusudia. Nilikuwa nikipiga kitu kikubwa, cha heshima, cha polepole, kisichonihusu.

"Nani kafa?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

Jambo la kukera zaidi ni kwamba siku zile nilizokaa na gita lile nilitunga kipande kingine kabisa. Sikukitafuta. Mkono uliwekwa pale, mlio ukakaa, mkono ukasogea kuufuata, na kabla ya chai kupoa kipande kilikuwa kimekwisha. Kizuri, sikatai. Lakini nilikuwa na kidole kimoja kinachokufa na kazi moja ya kumaliza, na gita linanitungia mambo yake. Nikalirudisha.

"Lina kasoro gani?" Kipimo akauliza. Aliuliza kwa upole wa mtu anayeficha ghadhabu.

"Halina kasoro. Linaongea kuliko mimi."

Akanipa dogo. Hilo lilikuwa la mbao ngumu nyeusi mbele na nyuma, mwili mwembamba kama kiuno cha nyigu, shingo fupi. Kidole changu kililipenda upesi kwa sababu hakikuhitaji kwenda mbali. Ila sauti yake ilikuwa kavu. Unagusa, inajibu, inafunga mlango, kama karani anayetaka kwenda nyumbani. Utunzi wangu ukaanza kukimbia. Sikuweza kuushika. Noti zilikufa upesi, kwa hiyo nilizijazia pengo kwa noti nyingine, na hizo nazo kwa nyingine, na gumba likaanza kufanya mzaha, likirukaruka. Nilijisikia kijana na mpumbavu. Wajukuu wakaja sebuleni wakacheza.

"Wanaupenda," mke wangu akasema.

"Si wa kuchezewa."

"Baba watoto, gita la kwanza limekuwa msiba, la pili limekuwa harusi. Mchagua nazi hupata koroma. Kidole kinakungoja?"

Hakikuwa kinaningoja. Wiki ile kilikuwa hakikunjuki mpaka nikizamishe kwenye maji ya moto, na hata hapo kilibonyeza uzi kama mtu anayepiga muhuri bila kusoma. Mpwa wangu alinipigia simu kuuliza kama bado naja. Nikamwambia nakuja. Nikamwambia kwa sauti ya juu isiyokuwa na sababu, naye akasema, "Sawa mjomba, sikukataa," akakata.

Nikaenda kwa Kipimo na fikra niliyoiona ni ya busara. Nilimwambia: nitengenezee lile lile. Usinipe lako. Chukua lile la seremala, lipime kila kitu, unene wa shingo, uzito, mbavu, hata mguu wa kitanda, unichongee jingine lisilo na tofauti.

Kwake lilikuwa tusi. Mtu ambaye wanamuziki wa mbali humtumia mbao kwa posta, naye aambiwe aige kazi ya mtengeneza vitanda.

"Kila kitu?" akauliza mwishowe.

"Kila kitu."

"Itabidi nilipasue mgongo ili nipime ndani. Halitarudi."

Nilitazama pembeni nikasema apasue. Sikutaka kuona.

Alifanya kazi ile kwa kisirani lakini aliifanya. Nilipita karakana mara kwa mara nikamkuta amelala na rula yake juu ya gita langu lililofunguliwa, akinung'unika: "Huyu mtu alikuwa na kizunguzungu... hapa amelewa... hapa amesinzia." Lakini mkono wake ulifuata. Shingo ikawa nene. Mbao akatafuta kutoka kabati la zamani la jirani. Hata ule ubavu wa ndani aliuchonga na duara lake. Gundi ilipokauka na nyuzi zikafungwa, nililiweka pajani na mwili wangu wote ukasema nimefika nyumbani. Uzito ule ule. Kikohozi kile kile. Kiganja kilikaa kwenye shingo bila kuulizwa.

Nikampa mkono. Aliutazama kwanza, akaupima, akaushika. Sote wawili tulikuwa tumevimba kwa fahari siku ile.

Nyumbani nikaanza utunzi. Mwendo ulikuwa wangu, si msiba wala harusi. Gumba likafanya kazi kama punda. Nikapita sehemu ya kwanza, nikaingia ya pili, pale sauti ya juu inapopanda ngazi, ikafika kileleni, na—

Nikasimama. Sikujua kwa nini. Nikarudia. Nikafika pale pale na mkono ukajikwaa.

"Nani kakuongezea neno pale?" mke wangu akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Neno gani?"

"Hapo juu. Zamani ukifika hapo, sauti inapanda, inapanda, halafu kimya, halafu inaitika ya chini. Sasa hakuna kimya. Mtu amezungumza."

Nikapiga tena, polepole, na nikasikia. Kwenye uzi wa tatu, nikibonyeza chuma cha saba kati ya vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, noti ilitoka. Safi, ya mviringo, ya kawaida. Haikuwahi kutoka maishani mwangu. Kwenye gita la seremala chuma cha nane kilikuwa kimesimama juu kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo uzi ukibonyezwa kwenye cha saba uligonga cha nane na kufa: tp, kama mlango wa kabati. Nilikuwa nimeizoea tangu ujana hivi kwamba sikuwa nikiiita kasoro. Sikuwa nikiiita chochote. Nilipotunga, sauti ilipopanda kufika pale ilianguka kisimani, nami nikaweka noti ya uzi wa nne, ulio wazi, iijibu kutoka chini. Kila mtu aliyewahi kuusikia utunzi wangu alinisifu mahali hapo. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni aliwahi kuniambia, "Hapo umefikiri kama mtunzi." Na nilipouandika kwenye mistari, niliandika ile noti, kwa sababu kidole changu kilikuwa kinaibonyeza. Yule mpigaji mwingine aliisoma na kuipiga. Ndiyo maana ulitoka kama tangazo la maji.

Sasa ilikuwa inanitokea mimi. Bila lile shimo, utunzi ulitembea ukanyooka, ukafika, ukakaa. Mtu yeyote angeweza kuutunga.

Nilimfuata Kipimo siku hiyo hiyo bila hata kuvua kandambili.

"Umenyoosha vyuma."

"Bila shaka nimenyoosha vyuma," akasema. Alikuwa anakunywa chai juu ya benchi la kazi. "Kila gita kabla halijatoka hapa napitisha tupa, vyuma vyote vinakuwa sawa. Hicho ni kitu cha mwisho. Hata nikiwa usingizini napitisha."

"Nilikuambia kila kitu."

"Kila kitu cha gita. Ile haikuwa kitu cha gita, mzee. Ile ilikuwa ajali. Chuma kimoja kilikuwa kimesimama kama jino la mbwa. Niliona, nikakuonea huruma, nikasema huyu mzee wa watu ameteseka na hii miaka yote."

"Kirudishe."

Kikombe kikasimama njiani kuelekea mdomoni. "Nini?"

"Kirudishe chuma cha nane kisimame."

"Mzee wangu, unaniomba nimvunje jino mtoto mzima ili afanane na babu yake?"

"Naomba gita nililoagiza."

"Mle ndani kuna karatasi yenye jina langu. Mtu akipiga uzi wa tatu, asikie tp, atasema nini? Atasema Kipimo amezeeka."

"Ondoa hilo jina."

Hapo ndipo nilipomuumiza. Aliweka kikombe chini taratibu. Akavuta droo, akatoa tupa nyembamba, akaniwekea mbele, upande wa mpini ukinitazama kwa adabu zote.

"Kosa unalitaka wewe," akasema. "Lifanye wewe. Mimi naenda kuswaga nzi nje."

Akatoka akaniacha. Ningekuwa na busara ningekunywa chai yake nikarudi nyumbani. Lakini mimi ni mtu ninayeamini kwamba jambo lililoelezwa kitabuni linaweza kufanywa, na niliwahi kusoma kitabu kizima cha kutengeneza vyombo vya nyuzi. Nikafikiri: kukiinua cha nane ni kazi ngumu, ila nikikishusha cha saba kidogo, chini ya uzi wa tatu tu, matokeo ni yale yale. Nikalegeza nyuzi. Nikapitisha tupa. Nikajaribu, noti ikatoka. Nikapitisha tena, ikatoka. Nikapitisha tena, mkono wa kushoto ukiwa umeshika shingo na kile kidole kimekaa pembeni kama mgeni asiyetaka kusaidia, tupa ikateleza.

Nilipokaza uzi na kupiga, haikuwa tp. Ilikuwa zzzz. Nyuki ndani ya kopo. Na uzi wa nne, ambao kazi yake ni kuitika, nao ukashika zzzz kwa jirani yake.

Kipimo alisikia kutoka nje. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Umepata kosa, lakini si lile!"

"Nyamaza."

"Mzee, kosa la seremala lilikaa miaka, likalegea likakaza, likavimba mvua likapungua jua. Unataka kulipata kwa chai moja? Mimi mwenyewe siwezi, na mimi ni mimi."

Nilitamani kumpiga na tupa. Alipoona uso wangu aliacha kucheka, akalichukua gita, akang'oa chuma nilichokiharibu, akapigilia kingine, akasawazisha. Wakati wote mimi nilikaa kwenye kiti chake na maranda yangu makalioni. Aliponirudishia, liliimba noti ile safi vile vile, ya mviringo, ya kuchukiza.

"Hicho kimya," akasema, sasa bila mzaha, "kama ni chako, kifanye wewe. Kama ni cha gita, basi kimekufa na gita."

Nikatoka bila kuaga.

Siku zilizofuata sikutoka nyumbani. Nilikuwa nikijaribu kufanya kwa mkono kile ambacho kasoro ilinifanyia bure. Nilijaribu kuiacha noti, nisiibonyeze kabisa: pengo likawa tupu, kama mtu aliyesahau. Kile kifo cha uzi, ile tp, ilikuwa sehemu yake. Nikajaribu kuibonyeza na kuiachia papo hapo: ikalia kama kifaranga. Mwisho nikapata njia moja. Mkono wa kulia, wakati kidole kinapiga uzi wa tatu, ukingo wa kiganja unashuka kidogo na kuuzima mara mlio unapozaliwa, kisha unanyanyuka upesi kabla gumba halijapiga uzi wa nne. Ukichelewa, unasikia noti. Ukiwahi, unasikia ngozi. Ukichelewa kunyanyuka, unaua na uzi wa kuitika. Na mkono wa kushoto wakati huo lazima ubonyeze chuma cha saba, na umbo la mkono pale halina njia nyingine: kinachobonyeza ni kidole cha pete.

Mke wangu alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. "Noti," alisema. Nikarudia. "Ngozi." Nikarudia. "Noti." Siku moja wageni walikuja wakamkuta akisema hivyo peke yake juu ya sufuria, wakaniangalia kwa huruma.

Kidole kilipoanza kujifunga hata baada ya maji ya moto, nilimpigia mpwa wangu. Mke wangu akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuhakikisha."

Chumba cha mpwa wangu kilikuwa na joto, na mashine zake zilikuwa na taa ndogo za kijani kama macho ya paka. Alinikalisha, akanisogezea maikrofoni moja karibu na tundu na nyingine karibu na shingo, akamkalisha mke wangu kwenye godoro lililobaki, akatoka kwenda upande wa pili wa kioo, akafunga mlango. Nikapiga. Sehemu ya kwanza ikapita. Ya pili, nikapanda ngazi, nikafika kileleni.

"Noti," mke wangu akasema.

"Mama, ukisema na sisi tunarekodi, na wewe utakuwemo."

"Nimo tangu zamani."

Nikapiga tena. Ngozi. Nikapiga tena, ikaenda vizuri, nikafurahi, na furaha ikanivuruga mbele kidogo. Nikapiga tena, kidole kikaganda. Nikakivuta, nikakisugua, nikakipulizia pumzi. Mpwa wangu alitazama hayo yote kupitia kioo kisha akazungumza kwenye spika, kwa sauti ya kijana anayedhani ameleta habari njema.

"Mjomba, usijitese. Piga tu kama inavyotoka. Mimi hiyo noti naikata hapa kwenye kompyuta. Sekunde moja. Hata nakuwekea ile tp, nagonga kabati."

Sijui nilimjibu nini hasa. Mke wangu anasema sauti yangu ilipita magodoro ikafika dukani, na kwamba mteja mmoja aliweka chini balbu akaondoka. Nakumbuka nilisema habari ya watu wanaodhani kila kitu ni cha kukatwa na kubandikwa, na kwamba mimi nilipanga herufi kwa mkono, moja moja, kichwa chini, na nilipokosea nilifungua ukurasa mzima.

"Sawa mjomba," akasema. "Hakuna kabati."

Nikapiga tena.

Kulikuwa na mara moja. Nilijua mapema kwamba ndiyo hiyo, kwa sababu kidole kilikuwa kimeacha kuuma, na nimejifunza kwamba kikiacha kuuma kinajiandaa kufunga. Sikuharakisha. Gumba likatembea. Sauti ikapanda. Kiganja kikashuka, kikanyanyuka, uzi wa nne ukaitika kutoka chini, nami nikaendelea bila kumtazama mtu, nikapita sehemu ya tatu ambayo ni nyepesi, nikafika ya mwisho, na pale mwishoni kabisa kidole kikabaki kimekunjwa juu ya uzi, kikakataa kutoka, kwa hiyo noti ya mwisho ilikatika fupi kuliko inavyotakiwa. Nikakaa hivyo, mkono umeganda shingoni mwa gita, mpaka mpwa wangu akafungua mlango akanisaidia kuubandua.

Akatupigia tusikilize. Sijawahi kujisikia nikipiga kutoka nje yangu. Ulikuwa utunzi wangu. Mwendo ulikuwa wangu. Nilingoja kile kilele kama mtu anayengoja kuitwa jina hospitalini, kikafika, tp, na uzi wa chini ukaitika. Nikamgeukia mke wangu.

Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Haya. Sema. Noti au ngozi?"

"Si noti. Si ngozi."

"Basi nini?"

"Zamani nilikuwa nasikia gita limenyamaza," akasema. "Sasa nakusikia wewe unalinyamazisha."

Mpwa wangu akatutazama kwa zamu, hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Lile shimo la zamani halikuwa na mtu. Sauti ilianguka yenyewe, bila kusukumwa. Hili la sasa lina mkono ndani yake. Ukisikiliza vizuri unasikia mzee anayejitahidi.

"Kwa hiyo ni mbaya," nikasema.

"Nimesema mbaya? Nimesema nakusikia."

"Sikutaka kusikika. Nilitaka usikike wimbo."

"Sasa mimi nifanyeje, baba watoto? Masikio ni haya haya."

Mpwa wangu alikuwa ameshika kile kipanya cha kompyuta. "Mjomba, niihifadhi hii au niifute tuanze tena?"

Nikajaribu kukunjua kidole. Nikakishika kwa mkono wa kulia nikakivuta, kikasogea kidogo, kikarudi. Nikakivuta tena. Mke wangu alinyoosha mkono anisaidie nami nikaukwepa. Nilitaka kujua ukweli bila msaada. Nikaweka gita pajani, nikapeleka mkono kwenye chuma cha saba. Vidole vitatu vilikwenda mahali pake. Cha nne kilibaki kiganjani.

"Mjomba?"

"Ihifadhi," nikasema.

"Na ule mwisho uliokatika? Naweza kuurefusha kid—" Akaona uso wangu. "Hapana. Basi. Naihifadhi kama ilivyo."

Akabonyeza. Sikuwa nimeridhika, na nimeusikiliza tangu siku hiyo mara nyingi kuliko ninavyokubali mbele ya watu, na bado sijaridhika. Kila mara nikikaribia kile kilele, mkono wangu wa kulia unashuka peke yake juu ya meza.